Kinu Kitupu cha Kinole

Ndiyo, nilipigwa. Kwa mwiko, mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, na bibi kizee aliyebakiwa na meno machache lakini shabaha yote. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya kamusi nilikana jambo hili. Niliwaambia wenzangu ofisini kwamba mkono ulibanwa na mlango wa Landrova. Nilipoona hawaamini, nikaongeza kwamba mlango wenyewe ulikuwa mbovu. Nilipoona bado wanacheka, nikaandika barua rasmi kuomba mlango utengenezwe. Ukatengenezwa. Serikali ilitengeneza mlango mzima kwa ajili ya uongo wangu.

Sasa nimestaafu, naishi Bigwa chini ya mlima, na nyinyi vijana mlioachiwa kazi ile mmeniomba niwaandikie machache kuhusu ilivyokuwa. Nadhani mlitaka busara. Nitajitahidi, lakini siwezi kuanza na busara huku nimeukalia mwiko.

Nilipoajiriwa nilikuwa na digrii, viatu vya kisigino, na imani kwamba maneno yanaishi vitabuni. Mkuu wetu tulimwita Daktari. Alikuwa mtu mwembamba aliyekunywa chai bila sukari kwa sababu, alisema, sukari humfanya mtu aamini mambo haraka. Wenzangu aliwapa herufi nzima nzima. Mimi alinipa neno moja. Nikarudi mezani kwangu nimenuna, nikijiuliza nimemkosea nini.

Neno lenyewe lilikuwa "piga".

Kaa nalo kidogo uone. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki. Tunapiga simu na picha na kura. Tunapiga hodi kwa mdomo bila kuugusa mlango. Mtu anapiga chafya, anapiga miayo, anapiga magoti, anapiga ramli, anapiga soga mpaka chai inapoa. Mnada unapigwa, marufuku inapigwa, kambi inapigwa, na wanafunzi wa siku hizi wanapiga kitabu, nacho kitabu hakilalamiki. Lugha nzima imekaa juu ya kipigo, na karibu hakuna anayeumia. Waliopewa herufi nzima walimaliza, wakapewa nyingine, wakamaliza. Mimi nilikuwa bado kwenye "piga", maboksi yangu ya viatu yamejaa kadi mpaka chini ya meza, na mhudumu wa ofisi akiniuliza kila asubuhi kama nimefungua duka la viatu.

Maana nyinyi mna kompyuta. Sisi tulikuwa na kadi na maboksi ya viatu. Ukisikia mtu ametumia neno, unaandika sentensi yake kwenye kadi, nani kasema, wapi, akiwa anafanya nini. Halafu unasubiri mtu mwingine aseme hivyo hivyo. Sheria ya Daktari ilikuwa moja, na aliisema huku akigonga kikombe kwa kijiko: "Mashahidi wawili. Sehemu mbili. Na wasiwe wamefundishana." Shahidi mmoja, alisema, ni hadithi. Wawili ndiyo lugha.

Jambo la kwanza nililojifunza nililipatia sokoni Morogoro mjini. Nilimwendea mama mmoja muuza kabichi, nikachomoa kalamu, nikamuuliza: "Mama, kwako wewe, kupiga ni nini?"

Akaweka chini kabichi aliyoishika.

"Anakupiga?"

"Nani?"

"Usimfiche, mwanangu. Mama Zaituni! Hebu njoo umwone huyu mtoto, mumewe anampiga na bado anauliza kupiga ni nini."

Sikuwa na mume. Haikusaidia. Nilipoondoka pale nilikuwa na kabichi ya bure, pole za meza nne, na jina la mganga wa Kingolwira. Tangu siku hiyo sijamuuliza mtu maana ya neno. Kaa naye. Msaidie kumenya. Neno litakuja lenyewe likifuata kazi, na wewe uwe na kalamu mfukoni, si mkononi, kwa sababu kalamu ikionekana, kila mtu anaanza kuongea kama taarifa ya habari.

Lakini hata ushauri huu wa kusaidia kazi una mpaka wake. Mpaka huo niliukuta Kinole.

Daktari alitaka matumizi ya zamani, hasa ya enzi ya Mjerumani, kwa kuwa waliokuwa watoto wakati ule walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. "Nenda milimani," akaniambia. "Mjini maneno yameoshwa mno." Nikapewa Landrova ya ofisi na dereva, Salum, kijana wa Temeke aliyeamini kwamba mlima ni barabara iliyokosewa.

Tulipanda kwa siku kadhaa kijiji kwa kijiji, na kila tulipofika tulikuta wanawake peke yao. Wanawake wanatwanga, watoto wanachungulia, mbwa wanalala. "Wanaume wako wapi?" "Shamba." Kijiji kinachofuata: "Wanaume?" "Shamba." Niliandika kwenye kadi, na kadi hiyo ninayo mpaka leo kwa ajili ya kujishusha: *Wanaume wa huku ni wachapakazi wa kupigiwa mfano.*

Salum alikuwa na mashaka. "Dada, mbona tukifika majivu ya sigara bado yana moto?"

Nikamwambia aendeshe gari.

Kinole tulielekezwa kwa Bi Mwanaidi. Kila mtu alisema yeye ndiye anayewakumbuka Wajerumani. Siku ile, kwa bahati, tuliacha gari chini kabisa kwa sababu ya tope, tukapanda kwa miguu kupitia migomba na mipilipili manga, kwa hiyo hakuna aliyetusikia. Na kwa mara ya kwanza tulikuta wanaume. Walikuwepo wengi. Wazee wanacheza bao kwenye baraza. Kinyozi ananyoa kijana nje ya nyumba. Mtu analala na mdomo wazi. Nilifurahi kama mtu aliyegundua wanyama adimu.

Bi Mwanaidi alikuwa kwenye jiko la nje, anasonga ugali. Mdogo wa umbo, kanga imefungwa kifuani kwa nguvu ya mtu anayekwenda vitani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiye msomi?"

"Ndiye mimi, Bibi. Nimekuja tuongee."

"Kaa hapo nisonge kwanza. Maneno hayaungui."

Nikakaa. Uani palikuwa na kinu kirefu cha mti mweusi, mdomo umelika, na michi miwili imeegemea ukutani. Chuoni nilifundishwa kwamba mtafiti ajichanganye na watu. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikavua viatu vya kisigino, nikashika mchi, nikaanza kutwanga. Hakukuwa na kitu ndani ya kinu. Sikuona kama hilo ni tatizo. Nilitaka aone kwamba mtoto wa mjini naye ana mikono. Tena nikaupa mdundo, wa haraka, wa ngoma ya harusi.

Kinu chenye nafaka husema *du, du*, kama mtu anayekubali. Kinu kitupu husema *ko! ko! ko!*, kama mtu anayebisha, na sauti hiyo inavuka bonde.

Ng'ambo ya bonde kinu kingine kikajibu: *ko! ko! ko!* Nikafurahi. Nikadhani wananikaribisha. Nikaongeza kasi. Kikaitika cha tatu, mbali zaidi, juu kwenye ukungu. Nikajisemea, tazama watu hawa wanavyopenda muziki.

Ndipo wanaume walipoanza kupita. Kwanza kinyozi, wembe mkononi. Nyuma yake yule kijana aliyekuwa ananyolewa, shuka bado shingoni, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ina nywele. Nikamsalimia. Hakuitika. Wazee wa baraza waliondoka na bao lao, kete zikimwagika njiani. Aliyekuwa amelala alikimbia kabla hajafumbua macho. Wote wakaingia migombani, majani yakatikisika, yakatulia. Nikageuka kumuuliza Salum kuna nini. Salum naye hakuwepo.

Kisha nikaona nyota. Mwiko ule ulikuwa bado na ugali wa moto.

"Acha!"

"Bibi, nilikuwa nasaidia kutwanga!"

"Unatwanga nini? Mwanamke gani anatwanga hewa? Umewakimbiza wanaume wa mlima mzima!"

Akaninyang'anya mchi, akapiga kinu mapigo matatu mazito, akanyamaza, akapiga matatu tena. Hakuna aliyerudi. Mtu mmoja alikuwa ameshafika chini akaiona Landrova yenye namba za serikali. Wakati ule mgambo wa kodi walikuwa bado wanapanda milimani kutafuta wanaume, nao walikuja kwa gari kama lile lile.

Wa kwanza kurudi alikuwa Salum, miiba mpaka masikioni.

"Ulikimbia nini?" nikamuuliza.

"Sijui, Dada. Niliona wenyewe wanakimbia." Akautazama mkono wangu wenye ugali, akamtazama Bi Mwanaidi na mwiko, nikaona uso wake unavyofunguka taratibu kama mlango wa sherehe. Nikajua ofisini nimekwisha.

Bi Mwanaidi alichemsha maji ya chumvi akanikanda mkono. Pole hakusema. Alisema ningekuwa mjukuu wake angepiga mara mbili. Ila alipoona nauliza kwa unyenyekevu, kalamu iko mfukoni, akanisimulia.

Alikuwa mtoto, anasema, wa kutumwa maji. Kule chini bomani alikuwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, na reli ilikuwa imefika Morogoro, na kila kitu kilitaka mikono ya watu: mizigo ibebwe, njia ilimwe, pamba ipandwe. Mikono ilitoka milimani. Askari walikuja na jumbe, alfajiri, wakachukua wanaume waliowakuta. Mjomba wake alijificha, akapatikana. Akapigwa hamsa ishirini, mapigo ishirini na tano, mbele ya watu, kwa kiboko, na dada zake wakilazimishwa kutazama.

Hapo hakuchekesha. Aliacha kunikanda.

"Alikula amesimama muda mrefu," akasema. "Mpaka tukazoea. Ukimwona mtu mwingine anakula amekaa, unaona kama hana adabu."

Siku ile ya kiboko mama yake alirudi nyumbani akashika mchi. Alitwanga mahindi yakawa unga, unga akautoa, na yeye hakuacha. Alikuwa anapiga kinu kitupu na hajui. Jirani wa ng'ambo ya bonde akasikia, akamtuma mtoto mbio: nenda kamuulize mama fulani kama amerukwa na akili. Mtoto alipofika na salamu hiyo, mama akaacha, akatazama kinu, akatazama ng'ambo.

"Akaniambia: kumbe kule kunasikika," alisema Bi Mwanaidi. "Basi. Ndivyo ilivyoanza. Si kikao, si mkutano. Hasira ya mwanamke na kinu."

Wanawake wakapeana alama kisimani, mahali ambapo wanaume hawaendi. Kitupu cha haraka: askari wanapanda. Kitupu cha mchi mmoja, polepole: mgeni asiye na bunduki. Mapigo matatu na kimya: wameshuka, rudini mkale. Kinu hadi kinu, habari ilifika kileleni kabla askari hawajafunga kamba za viatu. Wakifika wanakuta wanawake, watoto, mbwa. Wanaume wako wapi? Shamba.

"Na tusiite kutwanga," akanionya, kidole juu. "Kutwanga ni kazi. Hii ni kupiga kinu. Huku mlimani ukisema 'Amepiga kinu', mtu haulizi unga uko wapi."

Kuna siku Bwana Shauri alipanda mwenyewe, amebebwa kwa machela, jasho linamtoka kana kwamba ni yeye aliyebeba. Njia nzima alisikia vinu. Alipofika kwa mama yake Bi Mwanaidi alikuwa amefurahi sana. Mkalimani akasema: "Bwana anasema hajapata kuona wanawake wachapakazi kama nyinyi. Anasema kwa unga wote huo, apewe ugali."

Unga haukuwepo hata wa kutia jichoni. Mama akampa ndizi za kuchoma. Bwana akauliza, unga uko wapi?

"Mama akamwambia mkalimani: Mwambie Bwana unga wa huku juu ni mwembamba mno. Upepo huwa unauchukua."

"Mkalimani akasemaje?"

"Nitajuaje, ni Kijerumani! Ila Bwana alicheka akampa mama chumvi."

Mara ya pili nilipomtembelea, katika hadithi hiyo hiyo Bwana alimpa mama kitambaa. Mara ya tatu ilikuwa sindano na uzi. Vijana, msimvunjie mtu heshima kwa sababu zawadi inabadilika. Sikilizeni kisichobadilika. Katika masimulizi yake yote, kinu kilibaki pale pale, mapigo yale yale, na mjomba alikula amesimama.

Alipomaliza akanishika ule mkono ulioumia, kwa nguvu.

"Sasa andika. Unajua wanaume wa hapa wanasemaje? Wanasema wazee walikuwa na dawa ya ukungu. Askari wakipanda, ukungu unashuka, wanapotea njia. Ukungu! Ukungu gani unaojua siku ya kodi? Mama yangu alipasua vinu viwili akipiga, mikono ikatoka malengelenge, leo sifa kapewa ukungu. Mimi nikifa hakuna wa kubisha. Andika kwenye hicho kitabu chenu, kwamba kinu kilipigwa."

Nikamwahidi. Kuahidi ni rahisi ukiwa umekandwa.

Jioni wanaume waliporudi niliwazungukia kutafuta shahidi wa pili. Wazee wa bao walikuwa wamekaa pale pale, wanatafuta kete majanini.

"Babu, mchana mlikimbia nini?"

"Nani kakimbia?"

"Nyinyi. Nimewaona."

"Tulikwenda shamba."

"Na bao?"

Mzee akalitazama bao. "Nalo lilikuwa na shughuli."

Kinyozi alisema alikwenda kunoa wembe. Hakuna aliyekubali kwamba amewahi kukimbia kwa sababu ya kinu cha mwanamke. Wakanisimulia habari za ukungu. Yule wa nusu kichwa sikumpata kabisa. Wakasema amesafiri.

Hatima ya mambo yote haya, kwa upande wangu, ilikuwa ofisini kwa Daktari. Niliweka kadi mezani: *Piga kinu: kutoa habari ya hatari kwa kutwanga kinu kitupu.* Daktari aliisoma akanywa chai yake chungu.

"Shahidi mmoja," akasema.

"Ndiyo, lakini anajua mengi."

"Umeona mwenyewe watu wakitenda kwa kusikia kinu? Ukiwa umeona, wewe nawe ni nusu ya shahidi, na tungetuma mtu wa pili."

Salum alikuwa amesimama mlangoni na funguo, anangoja kwa hamu. Mkono wangu ulikuwa na bandeji. Kusema ndiyo kulikuwa ni kusema yote: viatu nilivyovua, mdundo wa harusi, wanaume migombani, mwiko. Nilikuwa msichana mwenye digrii kati ya wanaume waliokuwa tayari wananiita Duka la Viatu.

"Hapana," nikasema. "Sikuona."

Daktari akairudisha kadi. Salum akacheka kwa pua. Ndipo nilipoanza habari ya mlango wa Landrova.

Kwa hiyo mnaona, si kwamba nilikana kipigo tu. Wanaume wa Kinole walikana mbio, mimi nikakana mwiko, na katikati yetu kinu cha watu kikakosa shahidi. Tulikuwa chama kimoja bila kujuana.

Nilimtembelea Bi Mwanaidi kila nilipopata gari. Swali lake lilikuwa moja, hata kabla ya shikamoo yangu kufika: "Umeshaandika?" Nami: "Bado wanalijadili, Bibi." "Wanajadili nini, kama kinu kina mdomo?" Safari ya mwisho alikuwa amelala kitandani, sauti imekwenda. Akanionyesha kwa mkono, kuandika hewani. Nikamwambia bado kidogo. Nikashuka mlima bila kuongea na Salum. Naye, ni lazima nimtendee haki, siku hiyo hakunitania.

Kamusi ikatoka. Ikatoka tena. "Piga" ilichukua kurasa kuliko neno lolote, na kila mtu alinipongeza, na mimi nilikuwa nikifungua ukurasa ule nikiona tu pale ambapo kinu hakipo.

Mwaka huu mmeanza toleo jipya, na mliyemtuma kwangu kunyonya kumbukumbu ni Neema, mtoto wa watu mpole mwenye sheria zile zile za Daktari, ila ziko ndani ya kompyuta. Kompyuta haina kikombe cha kugonga, inakuonyesha tu rangi nyekundu. Kila alipofungua "piga kinu", nyekundu.

"Mama, kesho kutwa tunafunga herufi P. Ikibaki shahidi mmoja, inafutwa kabisa. Hata kwenye akiba haikai."

Siku hiyo ndiyo nilimwambia Neema habari ya mwiko. Alikuwa wa kwanza. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaacha kucheka akasema, kwa adabu iliyoniuma kuliko ugali wa moto: "Sasa Mama, si ungesema tu?"

Tukajaribu la mwisho. Nilikwenda kwenye kituo cha redio cha mjini, nikaomba dakika chache kwenye kipindi cha wazee. Kinu sikukitaja. Shahidi hafundishwi. Nilisema tu kwamba zamani nilipanda Kinole kwa Landrova ya serikali kutafuta maneno, na anayekumbuka siku ile anipigie. Nikatoa namba. Nikarudi nyumbani kungoja. Wakapiga waliotaka kazi ya udereva. Akapiga mmoja akaniuliza kama Landrova bado inauzwa.

Siku ya kufunga herufi, Neema alikuwa kwangu Bigwa, kompyuta mezani, nyekundu inawaka. Nilikuwa namenya ndizi nikijifanya sina haraka. Simu ikaita. Namba ngeni. Neema akaweka sauti kubwa ili mikono yangu yenye utomvu isiguse kitu.

"Haloo? Huyo ndiye yule binti wa Landrova?"

"Binti amezeeka, lakini ndiye. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi naitwa Ramadhani, nipo Turiani. Wewe uliniharibia kichwa."

Neema akanitazama. Nikamwashiria anyamaze.

"Kwa vipi, mzee wangu?"

"Nilikuwa nanyolewa! Nusu imeshatoka. Tena nyinyi mkafanya mambo yenu, nikakimbia na shuka ya kinyozi mpaka barabarani, nikadandia lori la wakata miwa, nikafika Turiani na nusu kichwa. Wakaniita Mwezi. Mpaka leo wananiita Mwezi. Mke wangu alikubali kuolewa nami kwa kunionea huruma."

Habari ya nusu kichwa, nje ya Kinole, sikuwahi kumwambia mtu yeyote kabla ya Neema. Salum naye alisimulia mwiko tu. Lakini sheria ni sheria. Nikauliza kama muuza duka anayeuliza bei ya jana.

"Ulikimbia nini, mzee Ramadhani?"

"Unauliza? Si kinu kilipigwa!"

Neema akaanza kuandika.

"Kinu kilipigwa, maana yake nini?"

"Maana yake kimbia! Mama yangu alinifundisha kabla sijajua kusema maji. Tena nimewafundisha wa huku. Wake zetu Turiani, mlinzi wa shamba la miwa akija kutafuta watoto walioiba, wanapiga kinu. Siku hizi wanadhani wamevumbua wenyewe. Ukiwaambia Kinole hata hawajui iko wapi."

Sehemu mbili. Naye hakufundishwa na Bi Mwanaidi. Neema alikuwa anaandika kwa vidole vyote kumi.

"Lakini wazee wa Kinole," nikasema polepole, "waliniambia ilikuwa ni ukungu."

Mzee Ramadhani akacheka, kicheko cha mtu mwenye nywele zote au asiye nazo kabisa.

"Mama, mimi nimekimbia na nusu kichwa mchana kweupe, jua linawaka. Ukungu ulikuwa wapi? Subiri. Subiri hapo hapo. Mama Asha! Lete mchi. Si wa kutwangia, wewe lete tu."

Tukasikia kuku wakifukuzwa, kitu kizito kikiburutwa, mwanamke akiuliza, "Mlinzi anakuja?" na mzee akisema, "Hapana, ni simu. Piga."

*Ko! ko! ko! ko!*

Ilitoka kwenye simu ile ndogo ikajaza sebule yangu, kavu, yenye kubisha, kama ilivyovuka bonde siku ile. Kwenye kompyuta ya Neema nyekundu ikazimika, ikawa kijani. Aligeuka kunionyesha, machozi yakimlengalenga, na akasita.

"Mama," akasema, "mbona umesimama?"

Nilikuwa mlangoni. Kisu cha ndizi mkononi, kiatu mguu mmoja.